Usishuke Shimoni na Ule Muziki

Kaka yangu Marwa,

Salamu nitakupa siku nyingine. Leo naogopa, naandika mbio, kwa hiyo vumilia mwandiko.

Unakumbuka kibanda chetu cha gemu pale Nyamisangura? Wateja walikuja kupigana mateke kwenye runinga, sisi tukagombania muziki. Gemu ikiisha, majina ya Wajapani walioutunga yalipita kwenye kioo. Hatukuweza kuyatamka, tukawabatiza. Wako alikuwa Mzee wa Ngoma, wangu Mzee wa Kimya. Yule mama wa kinanda hatukumgombania, maana alitufanya tulie wote wawili, ingawa wewe ulisingizia vumbi.

Mzee wa Ngoma haachi nafasi. Tarumbeta, gitaa, ngoma, vyote vinaingia kwa pamoja, unaanza kupigana hata adui hajatokea. "Huyu anakupa moyo, Boke," ulikuwa unasema, umepandisha sauti mpaka mama anatoka jikoni na mwiko. Nami nakujibu kwamba anapiga kelele tu, anaogopa watu watasinzia. Wangu anakupa noti mbili, ananyamaza, unabaki unasikia moyo wako mwenyewe. Halafu tone la maji. Halafu ule mlio wa mbao inayopasuka, kraa, polepole, mahali usipopaona. Ulikuwa unazima sauti mchana kweupe, mwanaume mzima! Nilikucheka wiki nzima.

Ulipofuata dhahabu kama vijana wote wa Tarime siku hizi, nilikujazia nyimbo zao kwenye simu. Juzi Chacha, mnayechimba naye, amekuja kumwona mama yake, akatusimulia huku anacheka. Eti unashuka shimoni na spika za masikioni. Eti wiki iliyopita matimba, ile miti inayoshikilia kuta, yalianza kulia, wenzako wakapiga kelele, "Mura, kijana, toka!" Wewe na Mzee wako wa Ngoma mnatikisa kichwa tu. Wakakuvuta. Udongo ukashuka palepale ulipokuwa umechuchumaa.

Chacha alicheka. Mimi nikakaa chini.

Nikawaza, basi nimwambie asikilize Mzee wa Kimya peke yake. Yeye anaacha nafasi, mti ukilia utausikia. Nikajiona nina akili kweli. Nikaufungua ule wimbo wake wa pangoni nihakikishe. Kaka, ile kraa imo. Inakuja kushoto, inakuja kulia, haina mpangilio, huo ndio ufundi wake. Na wimbo huo niliuweka mimi, kwa uchokozi tu, nikijua utashtuka. Chacha anasema siku hizi ndio unaoupenda, umeuzoea, hushtuki tena. Sasa mti ukipasuka kweli juu ya kichwa chako, utasema ni yule mzee wa Boke. Utaendelea kugonga mwamba. Mungu wangu!

Wako anakuziba masikio, wangu anakudanganya. Miaka yote tumebishana nani zaidi, na leo simtaki hata mmoja. Simu yako haipatikani tangu jana. Naogopa, kaka, nasema wazi. Ukiwa shimoni usisikilize kitu chochote isipokuwa shimo lenyewe. Ukirudi niite mwoga, niite hata mbele ya wateja, nitaitika.

Barua nampa dereva wa lori la magogo anayekuja huko. Sikuifunga, ni makusudi. Wewe mwingine unayeisoma kabla yake, nakuomba: anaitwa Marwa, ni mrefu, ana kovu kidevuni. Kama ameshashuka, usipoteze muda kumwita, hatakusikia. Tikisa kamba aliyoshukia. Itikise mpaka atoke.

Mdogo wake,
Boke