Kompresa ya Baba na Ukuta wa Mwalimu Laban

Bi Kadii, shikamoo. Barua hii nimeianza mara tatu nikaichana, kwa sababu sijazoea kumweleza mtu mambo yangu, lakini nasikia kabla ya kushika kalamu ya kutujibu wasomaji uliuza vifaa vya ujenzi Kilifi kwa miaka mingi, kwa hiyo huenda ukaelewa yangu yote mawili, la mashine na la moyo, maana mimi mwenyewe siwezi tena kuyatenganisha.

Nina miaka ishirini na saba, nilisomea kemia, kazi ya kemia sikupata, na sasa napulizia rangi mafriji. Hapa Malindi hewa ya chumvi hula bati la friji hali friji lenyewe bado linapoza vizuri, basi watu huniletea, nami nasugua kutu, naziba matundu, napulizia rangi upya katika kibanda kilichoko uani mwa nyumba ninayopanga Shella. Kazi hii naipenda kuliko nilivyotarajia.

Kompresa ninayotumia, mashine ya kushindilia upepo wa kupulizia rangi, alininunulia baba. Baba alisaga unga Junju kwa miaka thelathini, kinu kikamchukua masikio, na nilipomwambia ninachotaka kufanya aliuza ng'ombe wake bila kunishauri, akaenda kwa fundi mmoja wa tairi, akaniletea kompresa kuukuu ya mkanda juu ya pikapu, imefunikwa magunia kama bibi harusi, akaniambia, "Mama," kwani ananiita mama kwa kuwa nimepewa jina la mamake, "hii nimeisikia mwenyewe. Ina nguvu." Bi Kadii, ikiwa baba aliisikia, unaweza kukadiria kelele zake.

Nyuma ya ukuta wangu anaishi Mwalimu Laban na mamake mzazi aliyepooza upande mmoja. Mwalimu hakuja kwa ugomvi. Alisimama mlangoni pangu, daftari za wanafunzi kwapani, akasema mamake hushtuka kila mashine inapowaka, hushika ubao wa kitanda kwa ule mkono mzima na hauachilii mpaka izime. Kisha akasema, "Dada, ukitaka kuwasha, nigongee kwanza nimtoe mama barazani." Basi, akaenda zake. Angenitukana ningelala usingizi.

Tangu siku hiyo sigongi, na kwa kazi siwashi, nangoja siku wanazokwenda kliniki, kazi zinarundikana, na kwa kukata tamaa nilinunua kompresa ndogo iliyotangazwa kwamba haina sauti, na kweli haikuwa na sauti, ila haikuwa na upepo pia, rangi ikatoka kwa kutapika, na Zipporah wa Ngomeni alipokuja kuchukua friji lake la soda alilizunguka mara mbili akaniuliza kama limepata tetekuwanga.

Lakini hilo silo linaloniumiza zaidi. Kila Jumamosi baba huja na mihogo yake kwenye kikapu, huvuta kigoda, huegemeza mgongo kwenye tangi la ile kompresa na kuniambia niwashe. Nami nawasha. Nimemdanganya kwamba ninaitumia kila siku. Anafumba macho kama mtu aliye kanisani, kwa sababu mtetemo anausikia mgongoni hata kama masikio yamekufa, na wakati huohuo nasikia kiti cha mama yule kikiburutwa kwenda barazani nyuma ya ukuta, nami nasimama katikati, nikijichukia kwa pande zote mbili. Mashine yenyewe haina tatizo, ila majuzi nilifungua valvu ya chini ya tangi kwa mara ya kwanza ikatoa maji mekundu kama chai ya magome ya mkandaa, pengine ndiyo yanayoniharibia rangi.

Naomba uniambie ni kompresa gani ya kimya, ya bei ninayoiweza, itakayopulizia friji zima bila tetekuwanga. Na uniambie nitamwambia nini baba.

Mwenye Kelele, Shella

Marahaba, mwanangu. Kabla ya lolote, izime hiyo mashine, chomoa waya, fungua valvu upepo wote utoke, na usiiwashe tena. Hata Jumamosi. Hasa Jumamosi.

Umeniandikia kurasa tatu kuhusu kelele na sentensi moja kuhusu maji mekundu, ukaiweka mwisho kama mtu anayetaja hali ya hewa. Maji yale yalikuwa ni tangi lenyewe, linaliwa kutoka ndani. Kompresa hukamua unyevu wa hewa, na hewa yetu ya pwani ni unyevu mtupu. Maji yakikaa chini ya tangi miaka na miaka bila kumwagwa, bati hubaki jembamba kama la kopo, na upepo ulioshindiliwa humo hauvuji polepole siku bati linaposhindwa. Tangi hupasuka. Na wewe unamwegemeza baba yako hapo.

Nakugombeza kwa kuwa ulipaswa kuona. Umesomea kemia. Unakula kwa kutu. Kutu ya friji la mtu usiyemjua unaitambua kabla haijatoboa rangi, na ya nyumbani kwako ilipokumwagikia miguuni uliwaza rangi tu. Naelewa kwa nini. Uliiangalia zawadi, hukuiangalia mashine. Wengi tungefanya hivyohivyo.

Fundi akikwambia atalichomelea kiraka tangi hilo, mkatalie. Toboeni tundu kubwa lisije likamuua mwingine, kisha liende kwa wauza vyuma chakavu. Mota ing'oeni. Mota haina kosa. Ipelekeni Junju ifungwe jiwe la kunolea, na majembe na mapanga ya jirani zake wote yatapita mkononi mwa baba yako. Ng'ombe wake hakwenda bure.

Sasa kompresa mpya. Kosa lako la kwanza lilikuwa kununua ukimya peke yake. Mashine ya kujazia mipira haipulizii friji. Soma kwenye bunduki yako ya rangi inakula lita ngapi za hewa kwa dakika, kisha tafuta mashine inayotoa zaidi ya hizo. Nimesema inayotoa. Kuna namba ya hewa inayovutwa, ambayo ni kubwa na hupendwa na wauzaji, na kuna ya hewa inayotoka. Hiyo ya pili ndiyo yako. Chagua isiyotiwa mafuta ya kulainisha, yenye mota inayozunguka taratibu na vichwa viwili vya kushindilia hewa, tangi la lita hamsini, na sauti ya desibeli sitini na kitu, ambayo mnaweza kuongea karibu yake bila kupandishiana sauti. Mfuko ukigoma, punguza ukubwa wa bunduki kabla ya kupunguza mashine: yenye tundu dogo hula hewa kidogo, nawe utapulizia mlango, utulie tangi lijae, kisha ubavu. Friji halina haraka. Nunua na kichujio cha kutoa maji kwenye hewa, cha kufunga kabla ya mpira unaokwenda kwenye bunduki, maana hapa kwetu hicho si anasa.

Usinunue kwa picha tena. Nenda dukani na bunduki yako mkononi, waambie waiwashe mbele yako, upulizie maji kwenye boksi dakika tano mfululizo. Ikikata pumzi, toka. Na ukifika nayo nyumbani iweke upande ulio mbali na ule ukuta, juu ya vipande vya tairi kuukuu, uvute mpira mrefu. Usiifungie sandukuni, itaungua kwa joto lake.

Tuje kwa ukuta. Umemwita "mama yule". Mnagawana ukuta na hujui jina lake. Nenda leo, uketi naye yeye, Mwalimu awe pembeni. Mwombe radhi, kisha umuulize ni saa zipi angependa wewe ufanye kazi. Hakuna aliyemuuliza kitu siku nyingi, nadhani. Hata ukiwa na mashine ya kimya, gonga hodi kabla ya kuwasha. Mwalimu alikuomba jambo dogo, ukampa jambo kubwa ambalo hakuliomba, ukaacha kufanya kazi kabisa.

Na baba. Usingoje Jumamosi afike na mihogo yake. Nenda Junju kesho ukiwa na maji yale mekundu ndani ya chupa. Mwekee mezani. Aliyeishi na kinu miaka thelathini hahitaji kufafanuliwa kutu. Kisha mwambie na lile jingine, kwamba hukuwa ukiiwasha kila siku, na kwa nini. Usijifiche nyuma ya chupa. Atanuna kidogo. Mwache anune.

Ukishaipata mpya, Jumamosi mwonyeshe valvu ya chini na umwambie kuanzia sasa hiyo ni kazi yake: siku nyingine utamwaga wewe, siku akija atafungua yeye na kukagua rangi ya maji. Halafu washa. Atakutazama, akidhani haijawaka, kwa sababu hatasikia kitu. Mshike mkono, mama wa baba yako, uuweke juu ya tangi.