Mwombaji wa Nne

Kiamunyi, Jumanne

Laiti ningezima simu yangu mapema.

Dkt. Chebet, mkuu wa idara, alisimama mezani kwangu mchana akiwa na majina manne ya walioitwa kwenye mahojiano ya kazi ya utafiti wa algoriti za kompyuta. Jopo lilikuwa limeshachagua; mimi karani wa idara niwapigie simu, yeye akisikiliza.

Jina la nne lilikuwa langu. Hakulitambua. Ofisini naitwa Kim tu, na niliomba kazi hiyo kwa majina yote yaliyo kwenye shahada yangu, bila kumwambia. Mkataba wangu wa ukarani unaisha mwezi huu na yeye ndiye anayeutia sahihi. Nikikosa utafiti na ukarani pia...

Watatu wa kwanza niliwapigia polepole mno. Nikabonyeza namba ya nne kwenye simu ya ofisi, na mfuko wa suruali yangu ukaanza kuimba.

“Kim, zima hiyo kitu, tuko kazini.”

“Daktari, ni mimi.”

“Wewe nani?”

“Wa nne.”

Aliangalia karatasi, akaniangalia, akaangalia karatasi tena. Nilingoja kufukuzwa.

“Haya. Alhamisi saa nne, usichelewe. Lakini sasa chai ya jopo atapika nani?”

“Mimi, Daktari.”

Nilijibu haraka mno. Jioni hii nimejaribu kueleza utafiti wangu mbele ya kioo. Ninaueleza vizuri, ila kila nikimaliza hoja nainama kidogo na kuuliza kama niongeze sukari.