Meli Iliyotangazwa Kuzama Ikaja na Jina Jingine

MAELEZO YA SHAHIDI
Kituo cha polisi, bandarini

Anajulikana kwa jina la: Mama Pacha
Umri: miaka 41
Kazi: mfuatiliaji wa meli, ofisi ya wakala wa meli
Makazi: nyumba za wafanyakazi, nyuma ya bandari

Kazi yangu ni kufuatilia meli kwenye kompyuta ili malori na makuli wawe tayari zinapofika. Mdogo wangu wa kiume ni mpishi wa Kipanga, meli ndogo ya nafaka yenye urefu wa mita 92, upana wa mita 14, maghala mawili na kreni moja.

Mnamo tarehe 3 mwezi huu mwenye meli alitangaza kuwa Kipanga imezama na ngano yote, na hakuna aliyepona. Watu wakaja nyumbani kutupa pole. Mama aliacha kula. Mimi niligoma kulia, ndugu wakanisema kuwa nina roho ngumu.

Tarehe 11 asubuhi, nikiwa ofisini, niliona kwenye ramani meli iitwayo Furaha imetia nanga nje ya bandari. Urefu mita 92, upana 14. Meli za vipimo hivyo ni nyingi, sikushtuka. Kilichonishtua ni mchoro wake. Chumba cha usukani cha Kipanga kiko nyuma, lakini fundi aliyefunga mtambo wa kuonyesha mahali ilipo aligeuza vipimo, kwa hiyo kwenye ramani kinaonekana kiko mbele kabisa. Ofisini tulikuwa tukitania kwamba nahodha wake amekaa kwenye boneti. Sasa Furaha nayo nahodha wake amekaa kwenye boneti! Walibadilisha jina, wakasahau kosa la fundi.

Bosi aliniambia, "Mama Pacha, ni majonzi tu hayo. Nenda nyumbani ukapumzike."

Nikamjibu, "Nitapumzika nikishamwona."

Nilikuja hapa mbio, kiatu kimoja kimekatika mkanda. Sajenti wa zamu alinisikiliza mpaka mwisho, tukapanda boti ya doria.

Nahodha alituambia kutoka juu, "Hii ni Furaha, haijawahi kuitwa vingine." Lakini jina la meli huchomelewa kwenye chuma kwanza, ndipo rangi ipakwe. Jua lilikuwa limepiga ubavu, tukazisoma herufi zote chini ya rangi mpya: KIPANGA. Nikamwita mdogo wangu kwa sauti yangu yote. Kichwa kikatokeza kwenye dirisha la jikoni.

"Dada? Wametunyang'anya simu! Mama hajambo?"

Nilicheka, nikalia, nikamtukana nahodha. Naomba hilo nalo liandikwe, sijutii. Mabaharia wote wako hai. Aliyezama ni mwenye meli peke yake, maana nasikia mmeshamtia ndani kwa kudai bima ya meli isiyozama.

Mama nimempigia simu aje, sikumwambia sababu. Amekaa kwenye benchi hapo nje. Mdogo wangu yuko chumba cha pili, naye anaandikisha yake. Hayo niliyoyasema ni kweli tupu na nimeyasema kwa hiari yangu. Afande, nipe kalamu upesi.

Sahihi ya shahidi: (ametia sahihi)

Maelezo ya ofisa: Nimemsomea shahidi maelezo yake akiwa amesimama mlangoni, ameyakubali. Kelele za mwanamke mzee zilizosikika ukumbini mara baada ya hapo hazikuhitaji hatua yoyote ya polisi.