Maneno Niliyokulisha, Baba

Hosteli, Dar es Salaam
Jumapili mchana

Kwako Baba,

Shikamoo. Leo nakuamkia mara mbili. Shikamoo ya kwanza ni ile ya kila siku, iitikie. Ya pili ni ya mtu aliyekosa, na hiyo iache isubiri mpaka umalize kusoma.

Hamjambo huko Kagunga? Goti la Mama linasemaje na baridi hii ya asubuhi za ziwani? Na ule wavu uliochanwa na jiwe, umeshaushona au bado unautukana? Mimi mwili mzima. Nakula, nalala, na malaria ya mwezi uliopita imeniacha. Kilicho kigonjwa ni kitu kingine.

Najua utaigeuza bahasha hii mara tatu kabla ya kuifungua. Utamwambia Mama, huyu mtoto ana simu yenye kioo kama sahani, karatasi ya nini? Nitampa Dada Zaituni, yule binti wa Gungu anayesoma uuguzi huku, maana anarudi likizo na treni ya leo jioni. Atamkabidhi nahodha wa boti pale Kibirizi, naye atakuletea. Simu ingefika kwa dakika moja, lakini simu ndiyo iliyonifikisha hapa, na jambo hili sitaki likatike katikati mnara wa simu wa Burundi ukiingilia. Vaa miwani, ukae.

Nikueleze kwanza maisha ya huku, maana mwenzio nimekuwa mtu wa kupigwa na butwaa tangu nilipofika. Darasani majina hayaitwi. Mwalimu anaonyesha ukutani mraba wenye vidotividoti, unaupiga picha kwa simu, unahesabiwa umefika. Wiki ya kwanza nilisema hawa watu wana akili. Wiki ya pili nikagundua kwamba mmoja anaupiga picha, anawatumia wenzake waliobaki hosteli, nao wanahudhuria wakiwa ndani ya shuka. Siku moja orodha ilisema tupo sitini. Nilihesabu vichwa ishirini na vitatu, cha mwalimu kikiwemo.

Chumbani naishi na kijana wa Tanga anaitwa Baraka. Vitanda vyetu vimeachana hatua mbili. Akitaka nifunge dirisha, ananitumia meseji. Mwanzoni nilidhani anaumwa koo. Sasa na mimi, Mungu anisamehe, namjibu kwa meseji.

Halafu yupo Mjomba. Umesikia kwenye redio wakisema akili mnemba, ile programu unayoiuliza lolote ikakujibu, ukiiambia iandike inaandika? Hapa chuoni tunaiita Mjomba, kwa sababu haichoki, hainuni, wala haikuulizi ulikuwa wapi siku zote hizo. Mama ana kaka watatu na hakuna hata mmoja aliyewahi kunisikiliza namna hiyo. Wala simsingizii huyu Mjomba wa simu. Hesabu za takwimu zilizokuwa zinanitoa jasho, Mjomba alinielekeza mara sita na hakuniita mjinga hata mara moja. Nikamzoea. Mazoea yana tabu, Baba, wewe ndiye uliyenifundisha.

Sasa sikia. Mhadhiri wetu wa somo la jamii, tunayemwita Daktari kwa shahada yake, ni mama mmoja mkali, mzaliwa wa Ujiji. Alitupa kazi: kila mmoja amhoji mtu wa kwao anayefanya kazi ya mikono, aandike maneno yake kama alivyoyasema, pamoja na jina na mahali. Wiki mbili. Wenzangu wakaanza kulia, watampata wapi fundi, watampata wapi mkulima. Mimi nikacheka. Nilisema mimi nina baba mvuvi, yuko mwaloni mitumbwi inapotua, hiyo kazi ni ya nusu saa.

Ndani ya wiki hizo mbili nilikupigia simu mara mbili. Unakumbuka tuliongea nini? Mpira. Ulicheka sana habari za yule kipa. Nikakata simu, nikajiambia nitamhoji kesho.

Siku ya mwisho nikamwendea Mjomba. Nikamwambia, niandikie mahojiano na mvuvi wa dagaa wa Ziwa Tanganyika, mtu mzima wa miaka hamsini na nane. Sijamaliza kunywa maji, kurasa nne zimetoka, Kiswahili kimenyooka kuliko cha mwalimu wangu wa sekondari. Nikaandika juu yake jina lako, nikaandika Kagunga, nikakabidhi.

Ndani ya kurasa hizo ulikuwa unasema hivi: “Sisi wavuvi wa dagaa tunaishi kwa mbalamwezi. Mwezi ukijaa ndipo dagaa hupanda kwa wingi, nasi hutoka sote na taa zetu.”

Nakuona umevua miwani, wewe usiyetia chombo majini mwezi ukijaa. Ivae tena.

Jumanne asubuhi tukaingia kwenye kikundi cha Daktari, watu wanane tumezunguka meza. Akashika karatasi yangu, akauliza, “Nani mtoto wa Mzee Rajabu wa Kagunga?” Nikanyoosha mkono, nikidhani nasifiwa.

“Baba yako yu hai?”

“Yupo, Daktari.”

“Ana simu?”

“Anayo.”

“Mpigie. Weka sauti kubwa, tusikie sote.”

Baba, siku zote nikikupigia kwa jambo la maana, mnara wa Burundi unatuingilia, nasikia Kirundi cha watu nisiowajua. Siku ile niliuomba mnara ule kwa imani yote niliyonayo. Ukanyamaza kimya. Simu ikaita mara mbili, ukapokea, na nyuma yako nikasikia akina mama wakigeuza dagaa na kuku wakifukuzwa.

Daktari akakuamkia kwa Kiha, “Mwakeye, mzee,” ukafurahi, mkasalimiana mpaka nikadhani atasahau. Hakusahau. Akasema, “Mzee, huyu kijana wako ameandika hapa kwamba wewe umemwambia dagaa wanavuliwa mbalamwezi, mwezi ukijaa ndiyo mnatoka. Ni kweli ulimwambia hivyo?”

Nikasikia ukiwaambia akina mama wapunguze kelele.

Kisha ukauliza, “Yasini yupo hapo?”

“Yupo, amekaa mbele yangu.”

“Ego,” ukaitikia kwa Kiha. “Basi ni mimi, mama. Nilimwambia mimi. Uzee huu, nitakuwa nilichanganya maneno. Kijana msimuone vibaya, ameandika alichosikia.”

Meza nzima ikacheka. Baraka, maana naye yumo kikundini, akasema, “Mzee kachoka huyo, apumzike tu.” Daktari peke yake hakucheka. Alikushukuru, akakata simu, akanitazama, akaweka alama ya kupita kwenye karatasi yangu. Nami nikaipokea. Nilisema asante, Baba. Mdomo huu huu.

Nimeona maajabu mengi huku, watu wanahudhuria wakiwa wamelala, mashine inaandika kama shehe, lakini hakuna kilichonishtua kama sauti yako ikisema nilimwambia mimi. Wewe! Mtu ambaye mwalo mzima unakuja kumuuliza mwezi utachomoza saa ngapi. Mwaka ule mchuuzi wa mjini alipokubishia kwamba mwezi na dagaa havihusiani, ulimkalisha siku tatu nyumbani kwetu, ukamlisha, ukamwacha aone mwenyewe mitumbwi imelala mchangani wakati ziwa linang’aa. Hukuwahi kukubali kushindwa kwenye hilo, hata na Babu. Na siku ile ulilikubali mbele ya watu usiowaona, kwa ajili ya mtoto aliyeshindwa kukuuliza swali moja. Nilipata wapi baba wa namna hii, na nimemfanyia nini?

Siku mbili nilizunguka tu hosteli. Kila nikitaka kukupigia, kidole kinakataa. Alhamisi nikaenda ofisini kwa Daktari. Nikamwambia yote: sikukuhoji, aliyesema maneno yale ni Mjomba, wewe hata hukujua kama kuna kazi.

Akanisikiliza akiwa anakunja kitambaa chake cha miwani. Akasema, “Nilijua tangu baba yako alipouliza kama upo. Mimi mama yangu kanilea kwa kuanika dagaa. Hakuna mvuvi wa lile ziwa anayechanganya mwezi, hata akiwa na miaka mia. Nilikuwa nangoja nione kama utakuja humu mwenyewe, au utamwachia baba yako aibu ile.”

“Nimekuja mimi,” nikasema.

“Umechelewa siku mbili,” akasema, “lakini umekuja.”

Baba, hii ndiyo habari nisiyotaka uisikie kwa mtu mwingine. Alama ile ameifuta, nina sifuri. Na kwa kuwa nilikabidhi mahojiano ya uongo, nitasimama mbele ya kamati ya nidhamu Alhamisi hii inayokuja. Wanaweza kunipa onyo, wanaweza kunirudisha nyumbani mwaka mzima. Daktari amesema atanisemea, ila hakuniahidi kitu. Mama mwambie wewe, taratibu, akiwa ameshakula.

Ijumaa niliomba nisimame mbele ya kikundi. Nikawaambia, yule mzee mliyemcheka anajua kazi yake, asiyejua yake ni mimi. Nikawaeleza kwamba dagaa wanavuliwa gizani kwa sababu wanaifuata taa, na mwezi ukijaa taa haina kazi, kwa hiyo mnakaa nchi kavu mnashona nyavu. Hakuna aliyecheka. Jioni simu yangu ikalia, meseji ya Baraka, kutoka kitanda cha pili: “Mwambie mzee samahani.” Nikamwambia Baraka, fumbua mdomo. Akafumbua, akasema. Ndiyo ninakufikishia.

Limebaki jambo moja, sikumwambia hata Daktari. Watu wote wanadhani nilikabidhi bila kusoma. Nilisoma, Baba. Nilifika kwenye ule mstari wa mbalamwezi, nikasimama. Niliujua uongo wake kama ninavyolijua jina langu, nimekulia mchangani pale, nimecheza chini ya mwezi ule na watoto wote wa wavuvi kwa sababu siku hizo ndizo baba zetu walikuwa nyumbani. Kisha nikajiambia, huyu Mjomba amesoma vitabu vya dunia nzima, huenda anajua asichokijua Baba. Nikapita. Hilo ndilo linalonila. Uvivu ungekuwa afadhali. Nilikupima na simu, nikakuona mdogo. Nisamehe, kama unaweza. Kama bado, nitangoja.

Msalimie Mama, mwambie kanga yake ndiyo shuka langu. Msalimie Shangazi anayeuza samaki wa migebuka, na Bibi mzaa mama umsalimie kwa sauti kwa sababu ya masikio yake. Wajomba watatu wasalimie pia, waambie nimewakosea kwa kuwatafutia mwenzao asiye wa ukoo. Na wale wenzako wa chombo, kama habari ya ile simu imeshafika mwaloni na wanakutania kwamba unavua mbalamwezi, wasomee barua hii yote, usiruke mahali.

Jana jioni niliutazama mwezi juu ya paa la maktaba, umevuka nusu, unaelekea kujaa. Kabla haujajaa barua hii itakuwa mkononi mwako, na Jumatano hii, siku moja kabla ya kamati, mitumbwi itakuwa imelala mchangani nawe uko nyumbani. Jumatano hiyo, saa nne asubuhi, nitakupigia. Habari za kamati usiniulize, zitakuja zenyewe. Safari hii nitauliza mimi. Nina daftari na kalamu, simu itakuwa ya kupigia tu. Daktari atakuwepo, na wale wenzangu wote wa ile meza wamesema watakuja, Baraka ametangulia kuomba kiti cha karibu.

Swali la kwanza nimeshaliandika: Baba, mbalamwezi huwa mnafanya nini? Nikishauliza nitanyamaza mpaka umalize. Nitaweka sauti kubwa. Nawe usiseme kwa upole kama siku ile, sema kama unavyosema mwaloni.

Ni mimi mwanao,
Yasini