Maji Ndani ya Kipimamvua

Mjukuu wangu Neema,

Shikamoo yako imefika, marahaba. Huku Mlali hatujambo, na mbuzi wako mweupe amezaa. Umeuliza kama naamini utabiri wa mvua wa kwenye simu. Nauamini, ila unanikumbusha mama yangu.

Nilipokuwa msichana, mwalimu aliweka kipimamvua uani kwetu. Kiangazi kikarefuka. Asubuhi moja tulikuta maji ndani yake, ilhali ardhi ilikuwa kavu. Mwalimu akashangaa.

"Nimeyatia mimi, mwalimu," mama akasema taratibu. "Mvua haiji kwenye chombo kikavu."

Yalikuwa maji yake ya kunywa.

Najua mvua haiitwi hivyo. Lakini tangu uondoke, kikombe chako hapa mezani sikiachi kikavu.

Bibi yako