Kiroba cha Matibabu

Shinyanga,
27 Aprili 2025

Mpendwa Shangazi Serafina,

Shikamoo. Mimi sijambo, na wenzangu bwenini hawajambo, ila mafua tunapokezana. Natumaini Dodoma mnaendelea vizuri na kwamba umeacha kunywa kahawa badala ya chakula.

Nakuandikia kwa sababu kwenye simu maneno hunikauka, unanijua. Likizo ya Pasaka nilikwenda na Mama kumwona Baba machimboni, kule mbele ya Ushirombo. Tukiwa huko walifika watu wa ofisi yako kuandikisha bima ya afya. Walifika asubuhi, wachimbaji wakiwa wamesimama kwenye mdomo wa duara, yaani shimo lao, tayari kushuka. Mwenye kipaza sauti akauliza, "Kifusi kikikuangukia leo, nani atakulipia hospitali?"

Shangazi, kule asubuhi hakuna anayetaja kuumia. Hata kuagana hawaagani. Mtu mmoja alisema, "Mnatuchuria," akageuka kwenda zake, na wote wakamfuata. Siku hiyo hakuna aliyeshuka wala aliyejiandikisha. Mtu huyo alivaa kofia ya njano. Ni Baba.

Jambo la pili naona aibu kuliandika. Baba ana ngiri. Anajifunga kitenge cha Mama tumboni, chini ya shati, na akiulizwa anasema ni baridi. Daktari alisema apasuliwe. Baba akasema mpaka duara litoe dhahabu. Tafadhali usimwambie kwamba nimekwambia.

Mwanao,
Sikujua


Dodoma,
14 Mei 2025

Mwanangu Sikujua,

Marahaba. Mimi ni mzima, na kahawa tuiache kwanza.

Ripoti niliyoletewa inasema wachimbaji "hawana mwamko" na kwamba walipotoshwa na mchochezi mwenye kofia ya njano. Kofia hiyo nilimnunulia mimi. Nilicheka peke yangu ofisini, kisha nikafika kwenye habari ya ngiri, na kicheko kikaisha.

Ratiba ile niliipanga mimi, maana ndimi ninayeongoza kazi hii. Niliwatuma asubuhi kwa kuwa ndipo watu wanapopatikana. Sikuuliza wanapatikana wakiwa na hali gani.

Kazi yetu ni kutafuta namna kila mtu, hata asiye na mwajiri, atakavyochangia akiwa mzima ili atibiwe akiugua. Mwenye mshahara hukatwa kabla hajaushika. Mchimbaji tumkate wapi? Agosti tuna kikao hapo Shinyanga. Kama kambi ya baba yako, tuliyoichagua kwa majaribio, itabaki bila aliyejiandikisha, wenzangu watapendekeza wachimbaji wadogo wawekwe kando kwa sasa. "Kwa sasa" ya ofisini huwa ndefu sana, mwanangu, na baba yako atakuwa humo ndani yake akiwa amejifunga kitenge.

Hebu niambie: ni wakati gani watu wa duara wanakuwa pamoja, wana kitu mkononi, na hawana hofu?

Shangazi yako,
Serafina


Machimboni,
15 Juni 2025

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Tumefunga shule na nimefika salama. Mama amebaki nyumbani kuvuna mpunga, anakusalimu.

Swali lako nimelitembeza kichwani wiki nzima. Nadhani ni siku ya mgao. Mawe yakipanda juu hujazwa kwenye viroba. Kabla mwenye duara na wachimbaji hawajagawana, hutengwa kwanza viroba vya chakula, yaani mawe ya kulipia chakula. Hivyo ni vya Mama Bhoke, mama lishe kutoka Tarime, ambaye huwapikia muda wote wanapochimba bila kupata. Kuna watu hapa hubishania hata ndoo ya maji, lakini viroba vya chakula hakuna anayevibishia. Siku hiyo wanataniana mpaka jioni.

Sijui kama hili ni jibu. Baba ameniuliza kila siku naandika nini. Nimemwambia ni kazi ya likizo.

Mwanao,
Sikujua


Dodoma,
25 Juni 2025

Mwanangu Sikujua,

Marahaba, na poleni na vumbi. Ni jibu.

Nimewaambia wenzangu hivi: kando ya viroba vya chakula kitengwe kiroba cha matibabu. Kikisagwa na kuuzwa, fedha yake iwe mchango wa watu wote wa duara hilo, pamoja na wake na watoto walioko majumbani. Mmoja akasema serikali haipokei mawe. Nikamjibu haipokei mawe, itapokea fedha ya mawe. Mwanasheria wetu bado anakuna kichwa.

Lakini siwezi kwenda kikaoni na wazo langu tu. Lazima wao wenyewe wakubali. Nimeandika ukurasa mmoja, na humo sijataja kuumia hata mahali pamoja. Tafadhali uwasomee siku ya mgao. Najua ninakubebesha mzigo. Ila wewe kusoma unaweza, na anayesoma halazimiki kumtazama mtu usoni.

Shangazi yako,
Serafina


Machimboni,
6 Julai 2025

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Natumaini u mzima. Samahani kwa mwandiko, naandikia juu ya goti.

Mgao ulikuwa jana mchana, karibu na karasha, ile mashine ya kusagia mawe. Benjamini, anayechimba na Baba, alitoa viroba vya chakula akavipanga pembeni. Nikasimama. Nilisahau hata kusalimia. Nilisoma ukurasa wako nikiwa nimeushika karibu na pua.

Nilipomaliza, mmoja akauliza kama serikali sasa imeionea wivu dhahabu yao, wakacheka. Mwingine akasema wameshachangia mengi yasiyorudi. Wakaanza kusemezana wote kwa pamoja. Mama Bhoke alikuwa anasugua sufuria. Hakuinua hata kichwa.

"Mimi nawalisha mkiwa wazima," alisema. "Siku mkizidiwa mnapakiwa kwenye bodaboda, mnakwenda kumaliza ng'ombe za baba zenu kwa kulipia hospitali. Leo mnaogopa kiroba kimoja?"

Wote wakamtazama Baba, kwa sababu ndiye aliyewageuza ile Pasaka. Baba alikwenda kwenye safu ya viroba vya kugawana, akainama, akashika kimoja. Kiroba hakikupanda. Mkono wake mmoja ukaenda tumboni, akabaki vile vile ameinama. Watu wote waliona, lakini pale kuumia hakusemwi.

Kisha akakisukuma kwa mguu. Alikisukuma polepole kuelekea vilipo viroba vya chakula, mpaka kikakwama kwenye jiwe. Benjamini akaja, akakibeba, akakiweka kando ya viroba vya chakula.

"Baba Sikujua ameshasema," alisema. Na hakuna aliyekitoa.

Jioni Baba aliniuliza kama ni mimi niliyekwambia habari ya tumbo lake. Nikasema ndiyo. Akasema ninasoma vizuri, ila ninakimbia.

Mwanao,
Sikujua


Shinyanga,
14 Septemba 2025

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Kikao kilikuwa Agosti, na sijapata barua yako. Kila Jumamosi ninamuuliza matroni, Mwalimu Philomena, mpaka sasa akiniona anatikisa kichwa kwanza.

Mama amenitembelea. Anasema maduara mengine mawili yametenga pia, lakini viroba vyote vimekaa kwa Mama Bhoke vikisubiri ruhusa yenu, naye amevifanya benchi la wateja. Watu wameanza kuuliza. Baba hatetei wala hakani. Ila siku hizi kitenge anakifunga juu ya shati.

Kama wamekataa, niambie tu.

Mwanao,
Sikujua


Dodoma,
28 Septemba 2025

Mwanangu Sikujua,

Marahaba, na unisamehe. Kikao kiliahirishwa, kikaahirishwa tena, na sikutaka kukuandikia "bado".

Kimefanyika juzi, na hawakukataa. Mwanasheria ndiye aliyetuokoa: alisema kama chama cha wakulima huweza kukata mchango pamba inapouzwa, duara nalo linaweza kukata kwenye mgao. Wamekubali kwa mwaka mmoja wa majaribio. Wazazi wa wachimbaji hawakuingizwa. Nililipigania hilo nikashindwa, na mwakani nitaanza nalo. Wengine wanataka kuona hesabu kwanza, na sasa tutakuwa nazo.

Kadi zitatolewa Novemba. Mwambie Mama Bhoke atafute benchi jingine.

Shangazi yako,
Serafina


Kolandoto,
7 Desemba 2025

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Sisi hatujambo, na safari hii nasema "hatujambo" nikimaanisha.

Baba alipasuliwa juzi, hapa hospitalini. Anakaa, anakula uji, na anatukataza kumchekesha kwa sababu mshono unavuta. Lakini ni yeye anayechekesha. Alipofika mapokezi waliangalia kadi yake, wakamuuliza mwajiri wake ni nani. Alifikiri kidogo, akasema, "Duara." Dada wa mapokezi akaandika.

Mama amekifua kile kitenge na kukianika dirishani. Benjamini alikuja na bodaboda kumwona. Anasema kuna kambi ya pili, upande wa Geita, watu wake wamesikia habari hizi na wanauliza kiroba kinatengwaje. Baba akasema yeye hawezi kuwaeleza, mwenye kazi yupo Dodoma.

Nikamuuliza nikuandikie nini. Alifumba macho nikadhani amelala. Kisha akasema:

"Mwambie dada yangu aje mwenyewe. Na asije asubuhi."

Mwanao,
Sikujua