Mama wa Kwenye Filamu ya Shule

Assen, 14 Novemba 2023

Mama,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na goti halikusumbui sana na baridi hii iliyokuja mapema. Sisi hatujambo. Siebe anaota meno, kwa hiyo mimi na Harm tumeshasahau kulala kunakuwaje. Nakuandikia badala ya kupiga simu kwa sababu tunajuana: tukisikiana sauti tu, tunagombana kabla hatujamaliza kuulizana hali.

Kuna jambo. Juzi Nynke alirudi kutoka shule kajaa maneno. Nilikuwa namenya viazi, Siebe yuko kiunoni.

"Mama, leo tumetazama filamu! Kuna mama mmoja mbaya, mbaya kweli. Yeye anakula yai la kukaanga, watoto wake wanakula mkate na shira, wanamtazama tu!"

Mwalimu Maaike aliisimamisha picha kwenye uso wa mama huyo, maana kitabu cha mwalimu kinaelekeza pa kusimamisha, akauliza: "Haya, mama huyu amekosea wapi?" Nynke akanyoosha mkono. Akasema: "Mtu kama huyu asingepewa watoto." Mwalimu akalisifu jibu, akaliandika ubaoni, nao wakalinakili kwenye madaftari.

Hakukujua, Mama. Angekujuaje, amekuona mara mbili tu maishani. Hata yule msichana anayelamba shira kidoleni hakujua kwamba ni mimi. Lakini Thijmen wa nyumba ya pili aliitazama tena kwao na baba yake, wakasoma majina mwishoni. Sasa mwanangu anakuta kingo za mkate juu ya dawati lake. "Kula, Nynke, kabla bibi yako hajaja!" Jana Thijmen alimwambia: "Umesema mwenyewe bibi yako asingepewa watoto. Basi mama yako asingekuwepo, na wewe usingekuwepo. Mbona upo?"

Nimekwenda shuleni. Mwalimu Maaike alikuwa mwekundu mpaka shingoni, akaomba radhi, lakini mwalimu mkuu akasema filamu ile ni miongoni mwa zile zinazopendekezwa kwa madarasa nchi nzima, ina tuzo, inafundisha watoto kuwaonea huruma maskini. Nikamuuliza huruma iko wapi. Akasema mwenye haki ya kuiondoa ni yule aliyetia sahihi siku ile ya kupiga picha. Yaani wewe.

Nakuomba utie sahihi iondolewe. Ni hilo tu.

Mwanao,
Fenna


Delfzijl, 21 Novemba 2023

Mwanangu Fenna,

Marahaba. Goti ni lile lile, halina habari mpya. Pole na meno ya Siebe. Mpe ukingo wa mkate mkavu atafune, ndivyo nilivyokufanyia wewe na ukanyamaza.

Neno la mjukuu wangu nimelisoma. Sawa.

Lile yai alilinunua Roelof, yule bwana wa kamera. Nyinyi mlikuwa mmeshakula viazi na maharage, matumbo yamejaa. Akasema, "Geeske, mwanga ndio huu sasa, kaa hapo ule kidogo, na watoto wapewe mkate ili tupate mikono inayocheza." Nikala. Yai lilikuwa limepoa. Nikatazama kamera nikaona aibu, na ile aibu ndiyo wanayoisimamisha darasani. Nilikueleza haya ulipokuwa na miaka kumi na minne, siku uliyoonyeshwa filamu shuleni kwenu ukarudi ukafunga begi. Ukaiamini televisheni, ukahamia kwa shangazi yako.

Sahihi siwezi kutia. Karibu na mwisho wa filamu mdogo wako Wubbo anapanda kiti, anapiga kelele, "Mama, nione mimi! Nione!" Halafu anacheka kile kicheko chake cha kukwama kooni. Sauti yake sina mahali pengine popote. Picha za karatasi ninazo, lakini hazicheki. Februari ya mwaka ule wa filamu barafu ya mfereji ikavunjika chini yake, akazama, na hakuna mwingine aliyekuwa amempiga picha akisema neno. Kila Jumapili baada ya kahawa nafungua tovuti ya kituo cha televisheni, namtazama mdogo wako anacheka, nafunga, naosha kikombe.

Mwambie Nynke avumilie. Mimi nimevumilia.

Mama yako


Assen, 7 Desemba 2023

Mama,

Avumilie? Ana miaka kumi.

Juzi ilikuwa sikukuu ya Sinterklaas darasani. Unaijua desturi: kila mtoto anachomoa jina la mwenzake kwa siri, anamtengenezea zawadi na shairi la kumtania, na mtaniwa analisoma mwenyewe mbele ya wote na anacheka. Asiyecheka ndiye mwenye kasoro. Nynke alipewa yai kubwa la karatasi na gundi, limepakwa rangi vizuri, mtu na mzazi wake wamelishughulikia jioni kadhaa. Na shairi hili:

*Nynke mzuri, Nynke mtamu,*
*bibi yako ana hamu:*
*yai zima ni la kwake,*
*ukoko kwa wana wake.*

Alilisoma lote. Kisha akacheka, Mama, kwa sababu ndivyo inavyotakiwa. Mwalimu Maaike alikuwa amekwenda kuleta chokoleti, aliporudi akakuta darasa zima linacheka na yeye anacheka, akafurahi kwamba mambo yametulia. Nynke amebeba lile yai mpaka nyumbani kwenye mvua, akaliweka mezani mbele yangu, akaniambia: "Hili ni lenu."

Tangu siku ile haendi shule. Asubuhi anashikilia mguu wa kitanda, na mimi namvuta kwa mkono mmoja maana mwingine una mtoto. Nampenda na ninamvuta. Hivyo ndivyo ninavyoishi.

Viazi na maharage sivikumbuki. Nakumbuka yai. Siwezi kukumbuka kitu kwa kuambiwa.

Wubbo amekufa. Nynke yuko hai. Sijui kuliandika hilo kwa upole, na nimechoka mno kujaribu. Usipotia sahihi, usitutumie kadi ya Krismasi, wala usimtumie Nynke kitu. Nikiona mwandiko wako kwenye bahasha, nitairudisha posta bila kuifungua. Filamu yako nitakunakilia kwenye flashi kabla hawajaifuta, uwe nayo Jumapili zako zote. Hutapoteza chochote.

Karatasi iko ndani. Pa kutia sahihi nimepawekea alama.

Fenna


Delfzijl, 28 Desemba 2023

Fenna,

Barua yako haikuwa na shikamoo. Niligeuza karatasi nikaitafuta hata upande wa pili.

Nimetia sahihi. Nimewapelekea kituo mwenyewe kwa posta, na nimewaambia wasubiri mpaka katikati ya Januari ili wewe upate nafasi. Sasa fanya ulichoahidi. Mimi mambo ya flashi siyajui. Kabla hujanitumia, itazame mpaka mwisho, uhakikishe inafanya kazi. Mpaka mwisho, Fenna.

Krismasi yangu ilikuwa kama zingine.

Mama yako


Assen, 22 Januari 2024

Mama yangu,

Shikamoo, na shikamoo nyingine kwa ile niliyokunyima. Natumaini uko salama na kwamba barafu ya juzi haikukuzuia kwenda dukani. Sisi wazima. Siebe ana meno mawili na ananing'ata nayo.

Imekwisha. Kituo wameniandikia kwamba filamu imeondolewa kwenye tovuti na kwenye mitambo yao, kila walichokuwa nacho, kwa kuwa sheria inawalazimu mhusika akiomba. Mwalimu Maaike sasa anawaonyesha filamu ya sili, wale wanyama wa baharini. Nynke alirudi shule Jumatatu iliyopita. Thijmen bado ana mdomo, lakini mdomo bila picha unachoka haraka.

Flashi imo ndani ya bahasha, nimeizungushia pamba. Mwalimu Maaike alininakilia ile aliyokuwa nayo. Usinikasirikie: sikuitazama mpaka mwisho. Nilianza, ukatokea uso wako, nikafunga mashine, nikaenda kukunja nguo. Lakini picha zilikuwa zinatembea na sauti ilikuwepo, kwa hiyo inafanya kazi.

Nilimweleza Nynke habari ya Roelof na yai lake. Akauliza, "Lilikuwa limepoa kweli?" Nikamwambia amuulize bibi yake. Anatimiza miaka kumi na moja tarehe tisa Machi. Tutapanga viti duara kama kawaida, keki ya matofaa, kahawa, watu kupongezana mmoja mmoja mpaka ulimi ukauke. Kiti chako kitakuwa kando ya changu. Harm atakufuata kituo cha treni.

Njoo, Mama. Nakuomba kwa mdomo ule ule uliokutukana.

Mwanao,
Fenna


Assen, 11 Machi 2024

Mama,

Shikamoo. U hali gani? Nauliza kwa kutaka kujua, siyo kwa desturi.

Harm alisubiri treni tatu. Tulikaa duara, na shangazi Aafke alipotaka kuweka mkoba wake kwenye kiti chako, Nynke akamwambia, "Hapo pana mtu." Kipande chako cha keki tulikiacha mpaka jana. Nilivunja hata makubaliano yetu nikapiga simu, ikaita tu.

Flashi haikufika? Kama haikufika niambie, Mwalimu Maaike anayo nyingine. Kama unaumwa, niambie pia, naja na watoto wote wawili.

Nynke amekuandikia swali lake kwenye kadi, limo ndani.

Mwanao,
Fenna


Delfzijl, 19 Machi 2024

Fenna,

Marahaba. Siumwi. Flashi ilifika.

Nilingoja Jumapili. Nikapika kahawa, nikamwita jirani yangu Trijn aniwekee, nikamwambia, "Sasa utamwona mwanangu." Tukatazama. Ikaisha hata kahawa haijapoa.

Umeniletea ile ya shule. Hukujua kwamba ziko mbili, na wewe uliyoonyeshwa ni hiyo hiyo fupi, kwa hiyo ungejuaje. Ile ndefu ndiyo iliyokuwa na Wubbo. Walipoikata kwa ajili ya madarasa walimtoa, maana mtoto anayecheka hafai kwenye somo la umaskini. Ungeitazama mpaka mwisho ungeona kwamba hayumo, na siku za kuwazuia wasiifute zilikuwa bado zipo.

Niliwapigia kituo. Akapokea kijana mwenye adabu. Akasema, "Mama, tulichoombwa kukifuta tumekifuta." Nikamwambia aliyeomba ni mimi. Akasema, "Ndiyo, Mama, naliona jina lako." Roelof naye alishakufa, na mkewe alitupa kanda zake zote.

Kwenye keki sikuja kwa sababu hiyo. Nisingeweza kukaa kwenye duara nikapongezwa.

Kiko kitu kimoja. Kabla ya yai, mkono mdogo unatokea pembeni mwa meza, unavuta kopo la shira, unatoweka. Ni wake. Kidole gumba kina kitambaa nilichokifunga mimi asubuhi ile. Trijn amenifundisha kusimamisha picha, kama walimu. Nimeisimamisha hapo. Siigusi tena, maana nikiiachia, kinachofuata ni uso wangu.

Mwambie Nynke ndiyo, lilikuwa limepoa. Na jibu lake la darasani asilifute kwenye daftari.

Msije kwa sasa. Nitakapotaka watu nitaandika.

Mama Wubbo